Mpishi hamkumtaja: barua ya wazi kwa watoto wa mdogo wangu

Wanangu,

Nawaandikia nyote kwa pamoja: watoto wa marehemu mdogo wangu, wake zenu na waume zenu, na vijana wengine wa ukoo mlioko Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na huko ng'ambo. Ningeweza kumpigia simu mkubwa wenu nikamweleza naye akawafikishia, lakini najua maneno yangefika yamepunguzwa chumvi. Barua nimeiacha wazi kwa makusudi, na majirani waisome. Ninayotaka kuyasema hayaihusu nyumba moja tu hapa Marangu.

Nianze na ule wasifu. Siku ya mazishi mlisimama mbele ya kanisa lililojaa mkasoma karatasi mbili. Zilisomwa vizuri, kwa sauti, bila kukwama. Mimi ni mwalimu mstaafu, nawapa haki yenu. Alizaliwa, akabatizwa, akapata kipaimara, akasoma, akafunga ndoa, akajaliwa watoto, "akafanya kazi katika sekta ya utalii", akastaafu, akawa mzee wa kanisa, akaugua, akalala. Halafu zikafuata shukrani kwa madaktari, wachungaji na kamati ya msiba. Aliyekaa karibu nami kwenye benchi, mama mmoja asiyejua kunong'ona, akanigusa goti akaniuliza: "Na yule aliyekuwa anapika, yeye watamzika lini?"

Nilicheka nikiwa na machozi. Wapo walionigeukia na kunikazia macho.

Alichouliza mama yule ndicho kinachonifanya niandike. Karatasi zenu hazikuwa na sufuria hata moja. Mmemzika ofisa wa utalii ambaye mimi simfahamu. Mdogo wangu niliyembeba mgongoni nikienda naye kuteka maji kwenye mfongo, mfereji wetu wa kijijini, alikuwa mpishi. Alipika kwa mshahara, kisha akapika nyumbani kwake bila mshahara mpaka miguu ilipomkatalia, na hata hapo alivuta kigoda akakaa mlangoni mwa jiko akiamrisha wengine. Najua kwa nini mlilikata hilo la upishi. Mliona haya. Mmoja wenu aliniambia waziwazi siku ile ile: "Shangazi, tuseme hivyo mbele ya wakwe?"

Ndiyo. Mbele ya wakwe hasa.

Sasa wacha niwaeleze hiyo sekta ya utalii ilikuwa nini, maana wajukuu wake wanadhani babu yao alikaa ofisini na kompyuta. Alianza upagazi akiwa kijana, kwenye njia hii hii ya Marangu ya kupandia Mlima Kilimanjaro, akipandisha mizigo ya wageni kutoka getini hadi vituo vya Mandara, Horombo na Kibo. Siku hizi mzigo wa mpagazi unapimwa, usizidi kilo 20. Yeye alikuwa akisema enzi zake ulibeba ulichotwishwa. Safari moja mpishi wa msafara akaugua njiani, sufuria akakabidhiwa yeye kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyethubutu, na waliporudi chini wageni wakamwambia mwenye msafara kwamba kijana huyu asirudishwe kwenye mizigo. Ndivyo alivyopanda cheo.

Mnajua kupika kule juu kukoje? Mimi sikujua mpaka aliponieleza. Kuni haziruhusiwi ndani ya hifadhi, kwa hiyo unategemea jiko la mafuta ya taa, baadaye la gesi, na upepo unaliwinda usiku na mchana. Maji nayo ni waongo. Hapa nyumbani sufuria ikitokota unajua moto umefika. Pale Horombo, mita 3,720 juu, maji yanachemka kabla hayajagusa nyuzi 90. Kibo, karibu mita 4,700, yanachemka kwenye nyuzi 85 hivi, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi na haiyagandamizi. Unayaona yanaruka, yanatoa mvuke, yanatapika hadi mfuniko unacheza, na maharage yaliyo ndani ni mabichi. Unaweza kuchochea mpaka mafuta yaishe. Ndiyo maana mpishi wa mlimani anayejua kazi yake hapandi na maharage makavu. Anayachemsha huku chini kabla ya safari, au anayaacha. Wali anaufunika na kuuwekea uzito, viazi anavikata vidogo, na tegemeo lake kubwa ni supu.

Supu ndiyo aliyoipenda kuielezea. Mgeni akishaanza kupungukiwa na hewa, hamu ya kula inakimbia. Anaona chakula anachukia, na asipokula hafiki. Basi mdogo wangu alikuwa akitazama sahani zinavyorudi. Mwenye sahani iliyorudi imejaa pale Horombo, alimpelekea bakuli jingine, supu nyepesi yenye tangawizi, akakaa naye hadi amalize nusu, halafu akaenda kumnong'oneza mwongozaji: yule wa shati la kijani kesho umwangalie. Waongozaji walimsikiliza. Wengine walikuwa wakimtaka yeye kwanza kabla ya kuuliza wageni ni akina nani.

Nami nikakumbuka niliyokuwa nikifundisha darasani. Msafara wa Hans Meyer wa mwaka 1889, ule uliofika kileleni na kuandikwa kuwa wa kwanza, ulikuwa na wapagazi na mpishi. Mtoto yeyote wa shule hapa Marangu atakutajia Meyer, atakutajia mwenzake Purtscheller, na kwa fahari zaidi atakutajia Yohani Kinyala Lauwo wa hapa kwetu, anayesimuliwa kuwa aliwaongoza njia. Muulize mpishi alikuwa nani. Atakutazama tu. Walikula, wakapanda, wakateremka, wakaandikwa, na aliyewalisha akabaki kwenye hesabu ya watu wa msafara. Nilipokuwa nasikiliza karatasi zenu kanisani nilijiambia, haya, kumbe mchezo wenyewe ni huu huu.

Hakuna aliyemcheka kwa kupika mlimani. Alirudi na mshahara na bakshishi, akanunua mabati, akaitwa mwanamume. Maneno yalianza siku alipoteremka na kuishika sufuria ya mke wake.

Wifi yangu, mama yenu, alikuwa muuguzi, na zamu za usiku hamzijui ninyi mliokuwa mmelala. Alipojifungua mtoto wa kwanza, yaani huyu mkubwa wenu anayeongoza kamati, mama yake mzazi alikuwa hoi kitandani, mama yetu sisi alikuwa ameshazeeka, na mimi nilikuwa nafundisha mkoa mwingine. Desturi yetu inajulikana: mzazi anakaa ndani, analelewa, analishwa mtori wa ndizi na nyama, na maziwa, mpaka mashavu yarudi na maziwa ya mtoto yatoke vizuri. Ni kazi ya wanawake. Sasa wanawake hawapo. Mdogo wangu alishuka mlimani, akaweka begi chini, akaenda buchani akarudi na mifupa, akaingia kwenye migomba akakata mkungu wa mshare, ndizi zetu za kupika, akavua shati.

Mama alipiga kelele kutoka kwenye nyumba yake. Alisema mwanawe amerogwa. Wazee walilipeleka neno kilabuni, na pale kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, mnajua wenyewe kata ikizunguka, jambo dogo linakuwa kubwa. Wakakubaliana kuwa huyu kalishwa limbwata, mke amemkalia. Alipofika jioni wakamwambia usoni. Jibu lake bado linarudiwa hapa kijijini na watu wasiojua limetoka kwa nani: "Limbwata nitalishwaje, na anayepika ni mimi?"

Aliendelea. Alipika siku zote za uzazi ule, na alipoitwa safari nyingine ya mlima alimwacha mpwa wetu mmoja wa kiume zamu, akiwa amemfundisha kwa vitisho. Kwa watoto waliofuata hakukuwa na mjadala tena. Kwa hiyo ninyi nyote mnaoona haya, maziwa mliyonyonya yalitokana na mtori wa mwanamume. Sijui mtalificha wapi hilo.

Hapa ndipo ninapogombana nanyi, hasa ninyi wanaume. Mnaniambia kupika si mila ya Mchagga. Mila ipi? Mbuzi akichinjwa, nani anamchuna? Nani anakoroga damu isigande, nani anapika kisusio, supu ya damu hiyo, nani anagawa nyama kila kiungo kwa mwenyewe na ole wake atakayekosea? Wanaume, na mwanamke akisogea anaulizwa amepoteza nini. Ndafu ya harusi inachomwa na nani? Nendeni Moshi mjini jioni, mwangalie chipsi za stendi, mishikaki, kitimoto, supu ya asubuhi: nyuma ya kila jiko amesimama mwanamume na aproni. Mahotelini hivyo hivyo. Mlimani hivyo hivyo. Mwanamume wa Kichagga anapika tangu babu na babu. Anapikia sherehe, anapikia fedha, anapikia wenzake wakimtazama na kumsifu. Anachokiona aibu ni kumpikia mke wake Jumanne, mboga ya kawaida, hakuna anayetazama.

Mdogo wangu alipika Jumanne. Tofauti ilikuwa hiyo tu.

Na msije mkadhani alikuwa mtu wa kudharau ya wazee. Kisusio cha ukoo huu kilimtegemea yeye. Kijana akileta mzaha kwenye mgao wa nyama alimwondoa palepale, na mbege isiyokolea ulezi hakuinywa, aliimwaga chini mbele ya mwenye kilabu, jambo lililomgombanisha na watu zaidi ya mara moja. Aliyashika ya wanaume yote, akaongeza na lile ambalo wanaume waliliacha.

Sitaki pia mumfanye malaika, maana mtindo wa misiba yetu ni huo. Jikoni alikuwa kero. Alinifukuza mimi, dada yake mkubwa, kwa kosa la kuonja na mwiko kisha kuurudisha sufuriani. Chumvi alikuwa anaiweka yeye tu. Mibuni aliitelekeza: kahawa ambayo baba zetu waliiuzia KNCU, ushirika ulioanza mwaka 1933, kahawa iliyonisomesha mimi na kunifanya mwalimu, yeye aliiachia magugu, na ukimuuliza anakujibu kwamba kahawa hailiwi. Fedha haikukaa mkononi mwake. Deni la buchani lilikuwa halina mwisho, na akiona mtu ana njaa basi bajeti ya wiki nzima imekwisha. Nyumba mnayojivunia alijenga mama yenu kwa mshahara wa uuguzi na kwa mikopo ya vikundi. Kama mna ujasiri, liandikeni na hilo.

Maneno matamu hakuwa nayo. Sikuwahi kumsikia akimwambia mtoto "nakupenda", na ninyi hamkuwahi. Lakini kila mmoja wenu alimjua kwa tumbo lake. Mkubwa alipikiwa machalari, ndizi na nyama, yasiyo na nyanya. Wa pili alitaka kiburu, ndizi na maharage vimepondwa hadi mwiko unasimama. Kitinda mimba alikuwa hali chochote bila mboga ya mnafu pembeni, na baba yenu aliupanda nyuma ya choo ili asikose hata kiangazi. Desemba 2019, treni ya Dar ilipoanza tena kufika Moshi baada ya miaka mingi ya kulala, wajukuu walitaka kuipanda, na asubuhi walipowasili stesheni babu yao alikuwa amesimama pale na ndoo yenye mfuniko, ndani mna sufuria ya mtori imezungushiwa kanga mbili. Abiria wengine walipewa pia. Wapo pia kati yenu waliowahi kurudi nyumbani wakiwa wamevunjika, siwataji. Ukoo mzima uliitisha vikao, na yeye hakuonekana kwenye kikao. Alikuwa jikoni. Anayejua ninamsema nani anajua pia alipikiwa nini siku ile.

Sasa nije kwenye Desemba hii, kwa sababu ndiyo sababu ya kuharakisha barua.

Nimeonyeshwa mnavyopanga ibada ya kumbukumbu na kuweka msalaba. Fulana zenye picha yake, hema, viti vyenye vitambaa, muziki, mshereheshaji kutoka mjini, na wapishi wa kukodi watakaoleta pilau, kuku na saladi kwenye vyombo vya kupasha moto. Kila mtu kapangiwa mchango. Fulana sina ugomvi nazo, nitaivaa. Ila mnamkumbuka mtu aliyekaa jikoni maisha yake yote, na kazi pekee mnayoitoa kwa watu wa nje ni ya jikoni. Wakodini watu wa hema. Wa chakula warudishieni hela zao, au waombeni wawarudishie zenu, kabla sijawapigia mimi.

Tutapika wenyewe, na nikisema wenyewe nina maana ya ninyi, watoto wake wa kiume, wakwe zake wa kiume, na wajukuu wa kiume walioota ndevu. Wanawake wa ukoo mwaka huu watakaa chini ya mti wazungumze. Tumekubaliana, nimeshaongea nao. Hata wale wa umoja wa akina mama kanisani wamefurahi kupita kiasi.

Najua mtasema hamjui. Hilo ni kweli, na linanisumbua kuliko aibu yenu. Kwa macho yenu mgomba ni mgomba, wakati yeye alikuwa anatembea kihambani anaupapasa mkungu na kukuambia huu ni wa keshokutwa. Mshare aliufahamu mmoja mmoja: upi unaiva haraka jikoni, upi umeota kwenye kivuli cha mringaringa ukawa na maji mengi, upi uachwe. Za kisukari ziliwekwa za watoto, na za pombe hakuzigusa kwa chakula hata njaa ikoje. Namsikia mmoja wenu akisema migomba ile ya nyuma ya nyumba ing'olewe ipandwe parachichi za biashara. Parachichi zina soko, sikatai, hata mimi ninayo michache. Ila mshare ule baba yenu aliuchagua na kuuhamisha chipukizi kwa chipukizi kutoka kwa wazee waliokwisha kufa. Ukiung'oa, huo huo hauuzwi sokoni Mwika wala Kiboriloni. Pandeni parachichi upande wa barabarani.

Mtori wake nauandika hapa kwa kuwa hamkumuuliza. Mifupa ya ng'ombe yenye nyama, na mguu uwemo; inaanzwa kwenye maji baridi na chumvi kidogo na kitunguu kizima, moto wa wastani, mpaka nyama iachane na mfupa yenyewe. Mshare ni wa siku hiyo hiyo, mbichi kabisa. Mikono ipakwe mafuta kwanza, la sivyo utomvu utawakaa kucha mpaka mwaka mpya. Ukimenya tu, tia kwenye maji, ndizi zisije zikawa nyeusi. Watu wengi hutupa ndizi na nyama pamoja wakavuruga; yeye alikuwa anaitoa nyama pembeni, anaikatakata, halafu anazichemsha ndizi ndani ya ule mchuzi wa mifupa. Zikilainika haswa, anazisaga kwa mwiko kwenye ukuta wa sufuria, taratibu, akiongeza mchuzi kidogo kidogo mpaka hakuna donge. Nyama inarudi. Maziwa fresh mwishoni, au kijiko cha siagi, moto ukiwa mdogo sana, na hapo hutoki jikoni maana mtori unaungua chini ukiwa juu umetulia. Nyanya haimo. Karoti haimo. Viungo vya pakiti alikuwa anavifukuza hadi nje ya geti. Wa mzazi unafanywa mwepesi wa kunyweka kwenye kikombe. Wa mtu aliyetoka shamba unaachwa mzito. Iliki nilimwona akitia mara moja, kwa mgeni wa Tanga, na alinitazama kwa jicho la onyo nisiulize.

Maharage yake siwezi kuyaandika. Magadi alikuwa anayapima kwa ncha za vidole, na vidole vyenyewe ndivyo vile tulivyovizika. Kitinda mimba alisimama naye jikoni muda mrefu kuliko wengine. Muulizeni yeye, na yeye aache kujifanya hakumbuki.

Kuna jambo ambalo haliwezi kusubiri Desemba. Mama yenu hali chakula vizuri. Anakunywa chai na mkate asubuhi, na jioni chai na mkate. Kila nikipita ananiambia ameshakula. Wifi yangu ameishi ndoa nzima na mwanamume aliyempikia akitoka zamu ya usiku. Alipostaafu aliendelea kupikiwa. Hajasahau kupika, anajua vizuri tu. Ila kuweka sufuria ya mtu mmoja kwenye jiko lile hawezi, na mimi sitamlazimisha. Ninyi mnatuma pesa kwa simu kila mwisho wa mwezi, kwa wakati, hilo sina la kulalamika, na mmemlipia binti wa kazi. Binti ni mzuri lakini ni mtoto, anapika anachojua kwao, na mama yenu anakula vijiko viwili ili asimvunje moyo. Pesa haimenyi ndizi. Wawili wenu mko Arusha. Kutoka hapo hadi hapa ni safari ya asubuhi na kurudi. Pangeni zamu za Jumamosi, wanaume wenyewe, mje bila wake zenu kama mnaogopa kuchekwa, mumpikie, mkae mle naye. Ukiharibu chakula atakufundisha, na akishaanza kufundisha atakula. Ninamjua.

Na ninyi wake wa hawa vijana, nina ombi dogo. Mume akiingia jikoni msimpige picha mkaisambaza na maneno ya utani. Akimwaga mafuta, nyamazeni. Baba mkwe wenu alichekwa na kijiji kizima naye alikuwa na ngozi ngumu. Hawa wa kwetu ngozi zao ni nyororo, wakichekwa mara moja hawarudi. Wavulana mnaowalea nao wapewe visu na ndizi mapema, pamoja na dada zao. Nimechoka kuona msichana wa darasa la tano anapika na kaka yake wa sekondari anauliza chakula kiko wapi.

Kwa vijana wengine wa Marangu, Mwika, Kilema, Kirua na kwingineko mtakaoisoma barua isiyowahusu: wapo wazee majumbani mwenu ambao wanafanya kitu mnachokionea haya. Mwingine anafuma vikapu, mwingine anaimba mpaka majirani wanafunga madirisha, mwingine anafua nguo za mke wake mgonjwa kisirisiri kabla hapajapambazuka. Waulizeni sasa. Wasifu wa marehemu unaandikwa usiku wa manane na watu waliochoka, na anayeshika kalamu huwa yule anayejua cheti cha ubatizo kiko wapi.

Turudi kwenye mipango. Wasifu utasomwa upya siku ya kumbukumbu. Nimemwomba mchungaji nafasi, amekubali. Sitausoma mimi. Atausoma mkubwa wenu, na pale palipoandikwa sekta ya utalii pataandikwa mpagazi, kisha mpishi wa mlima Kilimanjaro, njia ya Marangu, kisha mpishi wa nyumbani kwake. Jina la mama yenu litakaa hapo hapo, na kazi yake, na zamu zake. Kama wakwe watashtuka, wameze mtori kwanza.

Chakula kitakuwa mtori, machalari, kiburu kwa wanaopenda, na mbuzi kwa taratibu zake. Mchele mnunue kidogo kwa ajili ya watoto wa mjini wasiojua ndizi; upatikane ule wa Mabogini. Vitunguu na viungo vya mbuzi pitieni Mbuyuni mkiwa bado Moshi mjini, huku juu bei ya Desemba inapanda pamoja na ninyi. Sufuria kubwa zitaazimwa kanisani. Mwiko wake mrefu uko kwangu. Niliuchukua siku ya mazishi kabla wapishi wenu wa kukodi hawajaondoka nao kwenye gari. Kumenya ndizi kutaanza saa kumi alfajiri nyuma ya nyumba, na wanaume wote wawe wamefika, hata waliochelewa kulala kilabuni. Mkubwa wenu atashika mwiko, na asije na shati jeupe.

Mwenye pingamizi anipigie jioni. Asubuhi nakata majani ya ng'ombe, simu inabaki ndani.

Shangazi yenu,
Marangu